Ndoo Yenye Mfuniko

Alhamisi, 15 Septemba 1994

Nimerudi nyumbani jana. Siku kumi na moja hospitali. Daktari ni kijana mwenye adabu, amenieleza kama anavyoelezwa mtu aliyesoma: moyo umechoka, maji yanajaa miguuni, dawa zitapunguza lakini hazitaponya. Nikamuuliza kama nitaiona Krismasi. Akaangalia karatasi zake. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja – pampu ikichakaa naijua.

Sina hofu. Nimekula mbivu na mbichi, nimezika ndugu zangu wote, shamba la kahawa limekaa vizuri, mke wangu Anatolia ana nyumba ya bati.

Na kuna habari njema. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu nikiwa bado kule, na yule dume mkubwa wa samaki wangu akaingia kwenye chungu cha kutagia, ndani ya tangi. Aliyeona ni Celestin, msaidizi wangu. Leo asubuhi amenishika mkono mpaka sebuleni, akanimulikia tangi kwa tochi. Mayai! Rangi ya chungwa, makubwa kama punje za mtama, yameshikana rundo moja. Dume kayalalia, anayapepea kwa mapezi. Ndevu zake zimekuwa nene mwaka huu, zimetawanyika puani kama mizizi ya mgomba. Jike yuko upande wa pili anakula boga, hana habari.

Miaka kumi na sita nafuga samaki hawa wa ndevu, pleko, na mayai bado yananifurahisha kama mara ya kwanza.

Celestin akafungua ndoo ya matone iliyo juu ya tangi, akanyoosha utambi unaoziba tundu lake, akasubiri mpaka maji yakaanza kudondoka sawasawa. Kisha akasema bila kugeuka kwamba wanaondoka. Mwanawe Fidele amepata kiwanja kule kwao Rwanda. Lori litawachukua Ijumaa ya tarehe 30. Nikasema vema, mtu kurudi kwao ni jambo zuri. Nikarudi kitandani.

Wiki mbili, basi.

Kuna kitu nilimwibia Celestin, na yeye hajui. Nitamwambia kabla ya tarehe 30. Nimeandika, kwa hiyo imeshakuwa ahadi.

Ijumaa, 16 Septemba

Niandike kwa mpangilio, kama ripoti.

Henrik alikuwa mzungu wa mradi wa maji, anakaa nyumba ya mradi juu kule, mwendo wa saa moja kutoka hapa Kanoni. Mtu wa mabomba mchana, mtu wa samaki jioni. Alikuja na pleko watano kutoka kwao, samaki wa asili ya Amerika ya Kusini, pamoja na tangi la kioo la fremu ya chuma. Nilikuwa naenda Jumamosi kuangalia. Nilizoea kukaa pale mpaka chai inapoa. Samaki anayenata kwenye kioo kwa mdomo, anakwangua ukijani kama mama anayesugua sufuria – nilikuwa nimeviona vitu hivyo kwenye vitabu tu.

Celestin Mbonimpa alikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani. Mkimbizi wa mwaka 1961, ameingia na mke na ndoo moja. Hakusoma. Lakini Henrik alimwachia samaki wote mikononi mwake: kubadilisha maji, kuchemsha boga, kuwafunika blanketi Juni na Julai baridi ikizidi.

Vita vilipoanza mwaka 1978, Henrik aliambiwa aondoke siku ile ile. Kesho yake Celestin akanijia na ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko, kichwani. Samaki watano ndani. Ametembea saa moja nzima bila kuitikisa, na njia imejaa watu wanaokimbia. Mfukoni ana barua. Akasema Bwana Henrik kamwambia Mwalimu Kashaija atamsomea.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Naikumbuka yote: “Celestin, samaki ni wako na tangi ni lako. Lichukue kabla nyumba haijafungwa. Unawajua kuliko mimi. Sijawahi kuona mtu mwenye jicho kama lako. Kashaija atakusomea hii. Mwombe akuandikie barua uniambie wanaendeleaje.”

Mimi nikasoma: Celestin, wapeleke samaki na tangi kwa Mwalimu Kashaija, ni vyake sasa, nawe uwe unamsaidia.

Sikusita. Nilisoma kwa sauti yangu ya darasani, na kidole kikifuata mistari.

Celestin akatikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza, “Hakuniambia kwaheri?”

Nikasema, “Amekuambia.”

Jumapili, 18 Septemba

Sikwenda kanisani, miguu haiingii viatu. Anatolia kaenda. Naandika peke yangu, matone yanadondoka sebuleni. Ni saa nzuri.

Kwa nini nilifanya vile? Nimekuwa na muda wa kutosha kulifikiria, na jibu ni fupi. Sikuweza kuona kibarua akimiliki kitu ambacho mwalimu wa sayansi hana. Nilijiambia pia kwamba kwenye kibanda chake cha nyasi, bila dirisha, samaki watakufa kwa mwezi mmoja. Niliamini. Bado naamini nusu.

Lakini aliyewaweka hai ni nani? Niliyaandika yote kwenye daftari, ni kweli. Joto, tarehe, urefu. Yeye ndiye aliyetoboa ndoo na kuiziba kwa utambi wa taa ili maji mapya yaingie tone kwa tone, maana umeme hatuna. Ndiye aliyeleta kisiki cha mti wa kahawa, akakiloweka mwezi mzima, kwa sababu aliwaona wanatafuna kipande cha ubao kilichoangukia majini. Na ndiye aliyegundua kwamba maji baridi ya mvua ya kwanza, kutoka batini, ndiyo yanayowaamsha kutaga.

Mwaka 1980 walitaga mara ya kwanza. Nikamkuta dume chunguni juu ya mayai. Nikasema, mwizi huyu, anakula mayai! Tukamtoa. Tukamweka jike pale mlangoni pa chungu awalee wanawe. Nani hapa kwetu angefikiria vingine? Mwanaume wa Kinyambo hata chumba cha mzazi haingii mpaka aitwe. Siku ya tatu mayai yakawa meupe, yakaota ukungu. Yote.

Walipotaga tena nikataka kumtoa tena. Celestin akanishika mkono. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku ile. Akasema, “Mwalimu, mwenye ndevu ndiye mama yao.” Anatolia alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi mzima kila mwanaume aliyepita hapa alikuwa anaambiwa aje aone mwenzake anavyolea.

Vikatoka vifaranga arobaini na kitu. Nikavipeleka kwenye maonyesho Bukoba, nikapewa cheti. Celestin alikuwa nyuma yangu, ameshika mwavuli tangi lisipigwe jua.

Jumatatu, 19 Septemba

Bado jambo moja. Nilitaka kuliruka.

Henrik aliandika mwaka huo huo wa 1980. Barua yenye picha ya watoto wake. Aliuliza mbona Celestin kimya, samaki wake wanaendeleaje, je bado anawapenda? Nikamjibu kwamba Celestin alihamia Kigoma, hatuna habari zake, samaki nimebaki nao mimi.

Niliandika jibu lile pale mezani, na Celestin anapita mlangoni na dumu la maji begani.

Henrik hakuandika tena. Na kila Krismasi Celestin ananiuliza kama Bwana Henrik hajaandika. Kila Krismasi nasema hajaandika. Baada ya mwaka ule ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu!

Jumatano, 21 Septemba

Wameanguliwa. Tochi inaonyesha mikia inatetemeka, kila mmoja na kifuko cha njano tumboni, chakula chake cha wiki. Dume hajatoka tangu siku ile. Hajala. Hatoki mpaka wa mwisho atoke.

Nilimwita Celestin akae kitini. Hakai kwa kawaida. Nikaanza: kuna jambo kuhusu hawa samaki. Akaniangalia. Nikamuuliza, ikiwa ungepewa samaki uende nao, ungechukua wepi?

Akacheka. Akasema yeye akibeba samaki, wanawe watabeba nini? Halafu akafikiri, akawa makini kabisa. Akasema angechukua huyu dume wa chunguni na jike lake, na vifaranga kumi. Wengine wamezeeka. Lakini dume hatolewi akiwa na wana, Mwalimu anajua.

Nikasema najua. Akainuka akaenda kuchota maji.

Sikuweza. Naandika bila kujidanganya: ulimi ulikuwa mzima, pumzi ilikuwepo, sikusema.

Jumamosi, 24 Septemba

Mgeni. Rwezaura, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkuu wa shule ya sekondari. Amekuja na kilo mbili za sukari na mpango. Anataka samaki wote waende kwenye maabara ya shule nikishafariki. Hakusema nikishafariki, alisema “baadaye”. Kutakuwa na kibao mlangoni chenye jina langu. Ameshaongea na fundi. Kumbe Anatolia alishamkubalia nilipokuwa hospitali.

Anatolia akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo cha wageni. Rwezaura akachukua punje mbili, akasema watoto watajua kwamba Mnyambo mmoja alizalisha samaki wa Amerika ya Kusini bila umeme. Nilifurahi. Niseme kweli, nililiona jina langu pale mlangoni, herufi nyeupe kwenye rangi ya kijani.

Celestin alikuwa kando ya tangi wakati huo, anakwangua kioo. Rwezaura akamsalimia shikamoo mzee, akamuuliza kama anawaogopa samaki wenye ndevu. Celestin akasema hapana, tumezeeka pamoja.

Alipoondoka nikamwita Anatolia, nikamwambia yote. Barua ya kwanza na ya pili. Alikaa.

“Kwa hiyo mtu amelisha samaki wake mwenyewe nyumbani kwetu miaka kumi na sita, na mimi nampa chai ya rangi.”

Nikasema ndiyo.

“Na ukamhamishia Kigoma hata nauli hukumpa.”

Nilicheka, nikakohoa, yeye hakucheka. Akasema Rwezaura atapelekewa ujumbe aache kibao. Nikamwambia asiharakishe, nitasema mwenyewe. Akaniuliza lini. Akaenda jikoni kumenya ndizi, na namna anavyomenya ilisikika mpaka huku.

Jumapili, 25 Septemba

Padre amekuja kunikomunisha. Nikakumbuka kwamba niliwahi kuungama jambo hili, Kwaresima ya 1979, kwa padre mwingine, marehemu sasa. Nilisema nimechukua kitu cha mtu. Akauliza kitu gani. Nikasema samaki watano. Akauliza, wakubwa? Nikasema wadogo, kama kidole. Nilisikia anajizuia kucheka. Akanipa Salamu Maria tatu. Alidhani ni dagaa.

Nilizisali mbio mbio na nikaondoka mwepesi. Nilijua vizuri kwamba sikuungama. Nilichagua maneno, kama nilivyoyachagua kwenye barua.

Padre wa leo nimemweleza sawasawa. Huyu hakucheka. Akasema ananiondolea dhambi, lakini barua si yangu.

Jumanne, 27 Septemba

Usingizi wa kukaa, mito mitatu mgongoni. Miguu kama migomba. Maandishi yananiyumba.

Celestin anaaga majirani. Jana walimfanyia sherehe ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa Auleria, jirani wa chini. Amenichekesha kuniambia kwamba watu wanamlilia kama anakufa yeye, na anayekufa ni Mwalimu. Ndivyo tunavyoongea sisi wawili.

Akabadilisha maji kama kawaida. Akamfundisha Anatolia kunyoosha utambi. Matone mawili kwa pumzi moja, mama, si zaidi, wakipata maji mengi ya baridi kwa ghafla watakufa. Anatolia akaitikia, hakuweza kumtazama usoni.

Malori yanapita barabarani mchana kutwa. Wakimbizi wapya wanaingia, wa zamani wanarudi kwao. Vumbi juu ya migomba yote.

Jumatano, 28 Septemba

Anatolia amenitolea ndoo kutoka uvunguni mwa kitanda. Ile ile nyeupe, yenye mfuniko. Tangu 1978 ndimo ninamohifadhi karatasi nisizotaka zionekane. Nani atafungua ndoo ya mzee? Barua zote mbili zimo, panya hawakuzigusa. Na picha ya watoto wa Henrik.

Nimefikiri namna ya kusema, na nimeiona. Nisisome mimi. Nikimsomea tena, atajuaje kwamba safari hii nasoma kilichoandikwa? Nimeshauharibu mdomo wangu kwa kazi hiyo. Binti yake Immaculata ni nesi zahanati ya Igurwa, Kiingereza anakijua kuliko Rwezaura. Yeye asome. Mimi nijibu nitakachoulizwa.

Nimetuma ujumbe waje kesho wote wawili. Nimemtumia Rwezaura pia: asije na gari, samaki wana mwenyewe. Anatolia ndiye aliyeandika barua ya Rwezaura, mimi nikatia sahihi. Imesimama vizuri, sahihi yangu.

Najisikia imara. Nimekula matoke sahani nzima.

Alhamisi, 29 Septemba

Saa nne asubuhi. Wamekuja.

Immaculata ameniamkia, amenipima mapigo bila kuombwa, uso wake ukanionyesha matokeo. Celestin amevaa koti la safari. Hata hivyo alikuja na dumu la maji. Nikampa Immaculata barua mbili. Nikasema: hii ya kwanza ni ya baba yako, aliandikiwa mwaka 1978, nami nikaisoma vibaya kwa makusudi. Hii ya pili inamuulizia yeye, nikaificha, na nikajibu uongo. Soma kama ilivyo. Mkitaka kuniuliza, mimi nipo.

Celestin akatoka kwenda sebuleni, binti akamfuata. Anatolia ameacha mlango wazi, kisha akatoka nje kabisa, nadhani hataki kuwepo. Nimemwomba daftari. Mkono ukishughulika, moyo unatulia.

Naandika ninachosikia.

Anasoma Kiingereza kwanza, polepole, kisha anasema kwa Kinyarwanda. Kinafanana na chetu, napata karibu yote. Samaki ni wako. Tangi ni lako. Matone yanadondoka. Unawajua kuliko mimi.

Amefika kwenye jicho. Sijawahi kuona mtu mwenye jicho kama lako. Celestin anasema arudie hapo. Anarudia. Anasema arudie tena.

Sasa ya pili. Mbona kimya. Je, bado anawapenda? Celestin anauliza tarehe ya barua. Agosti 1980. Anauliza mimi nilijibu nini. Immaculata anasema jibu halipo hapa, baba, hatuna ila hizi.

Nimejibu kwa sauti kutoka huku kitandani. Nimesema, “Niliandika kwamba umehamia Kigoma.” Sauti ilitosha. Nina hakika wamesikia.

Nasikia dumu linainuliwa. Anamimina kwenye ndoo ya matone, polepole, mpaka juu. Sasa anafunua kioo cha juu cha tangi. Tochi imebonyezwa.

Dume ametoka chunguni. Amesema hivyo, kwa binti yake, siyo kwangu: dume ametoka, na wana wametoka wote, wako kwenye kioo.

Sasa ameniita, kwa jina langu la ubatizo. Kwa miaka kumi na sita ni Mwalimu, hata akiwa amelewa rubisi ni Mwalimu.

“Apolinary. Ile ndoo yenye mfuniko iko wapi?”

Haijapanda sauti, haijashuka. Siwezi kujua ni sauti gani. Iko hapa chini ya kitanda, imeshatolewa karatasi, Anatolia aliiosha jana. Sijajibu bado. Nimeweka mguu mmoja chini. Nataka kumpelekea mwenyewe, ni hatua sita tu mpaka sebuleni, na